Taa za lori ziangaze kazi, zisipofushe watembea kwa miguu

BUTEMBO, Kivu ya Kaskazini – Ni saa kumi na mbili na nusu za jioni, giza limekwisha kuingia. Kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Butembo na Beni, mama mmoja anatembea kandokando ya barabara. Godoro liko kichwani na mkono mmoja unalishikilia, mtoto mchanga yuko mgongoni, na mtoto mwingine amemshika mkono wa pili. Mbele yake linatokea lori. Juu ya kabini kumefungwa mstari mrefu wa taa za LED, nyeupe na kali, zinazochoma macho. Mama anauachilia mkono wa mtoto ili afunike macho yake. Mpaka lori limalize kupita, haoni mtoto yuko wapi, mtaro uko wapi, wala gurudumu liko wapi.

Lori hilohilo linasimama mita mia chache mbele ili kushusha mzigo. Nyuma yake hakuna hata taa moja ya kufanyia kazi. Vijana wanapanda juu ya magunia wakiwa wameshika simu kwa meno ili tochi iwaangazie. Familia iliyokuwa imepandia juu ya mzigo inashuka kwa kupapasa. Mguu unatafuta chuma cha kukanyagia na haukioni, basi mtu anaruka gizani akimwomba Mungu chini kusiwe na jiwe.

Mambo ya namna hii yanaonekana kila juma katika barabara za Beni na Lubero. Mwangaza ni mwingi pale unapoumiza, na haupo pale unapohitajika. Wenye malori siku hizi wananunua taa za LED kwa wingi, na hilo si baya, kwa sababu taa hizo zinakula umeme kidogo na zinadumu kuliko balbu za zamani. Ubaya uko katika namna ya kuzichagua. Wengi wanachagua kwa macho, dukani, mchana, wakitazama ni taa gani inang'aa zaidi. Taa ya ziada ingefaa kuchaguliwa kwa kazi itakayoifanya. Na kazi kubwa ya lori usiku katika eneo hili ni kupakia na kushusha mizigo na watu, kuliko kukimbia.

Nusu ya siku ni giza

Butembo na Beni ziko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwaka mzima jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni na kuchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna majira ya jioni ndefu. Lori lililochelewa kwenye matope, kwenye kizuizi, au kwa kusubiri msafara wa ulinzi, litafika gizani. Na familia zinazokimbia vita hazichagui saa ya kufika. Zinapanda gari lililopatikana na kushuka pale lilipoishia.

Barabarani gizani hamna malori peke yake. Kuna wamotari, kuna wanaotoka shambani na majembe, kuna watoto wanaorudi na vidumu vya maji, kuna vijana wa chukudu wanaoshuka na viazi au makaa, bila taa yoyote na breki yao ni kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma. Wote hao wanategemea macho yao tu. Anayewapofusha amewanyang'anya kinga pekee waliyokuwa nayo.

Tena mwendo unaongezeka. Mwezi wa Juni 2021, marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua mpakani, Kasindi na Mpondwe, kazi za kutengeneza barabara, na ile ya Kasindi, Beni hadi Butembo ni mojawapo. Kila mahali barabara inapokuwa nzuri, dereva anakanyaga mafuta. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva anayekuja mbele akipofushwa kwa sekunde 3 tu, amekwishakwenda mita 50 bila kuona. Mita 50 zinatosha kuwakuta mama, chukudu na motari mmoja. Na kadiri mtu anavyozeeka, ndivyo macho yake yanavyochelewa kurudia hali yake baada ya kupigwa na mwanga mkali.

Wenye malori wana neno lao

Si haki kuwalaumu wenye malori bila kusikiliza sababu zao. Wanasema barabara ina mashimo, ina miti iliyoanguka, ina magari yaliyoharibika na kuachwa katikati bila alama. Wanasema taa za kiwanda kwenye gari lililotumika miaka 20 zimefifia na vioo vyake vimekuwa vya manjano. Wanasema dereva asiyeona mbali anaua abiria wake.

Hayo yote ni kweli. Dereva ana haki ya kuona mbali. Lakini dawa yake haihitaji mstari wa taa 40 juu ya kabini. Kabla ya kununua taa mpya, fundi asugue vioo vya taa za zamani, abadilishe vioo vya ndani vilivyoshika kutu, akaze waya wa ardhi uliolegea. Lori nyingi zinarudishiwa nusu ya mwangaza wake kwa kazi hiyo ya saa chache, na makuta yake ni machache.

Kama bado haitoshi, zinunuliwe taa mbili za mbali, zifungwe mbele kwenye bampa, na waya wake uungwe na taa kali za gari. Maana yake ni hii: dereva akipunguza taa anapokutana na mtu au gari, zile za ziada nazo zizimike papo hapo, kwa kitufe kilekile. Taa ya ziada yenye kitufe chake peke yake, kilichofichwa chini ya usukani, itasahaulika ikiwa inawaka. Dereva aliyechoka, aliyeendesha tangu alfajiri, hawezi kukumbuka vitufe viwili kila anapokutana na mtu.

Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Wakati huo hakuna lori lililokuwa na taa za LED. Hata hivyo kanuni ya kupunguza taa unapokutana na mwingine ni ya zamani kuliko LED, na imo pia katika mkataba wa kimataifa wa barabara uliofanywa Vienna mwaka 1968. Hakuna haja ya kungojea sheria mpya ili kuacha kumpofusha jirani.

Ukungu, vumbi na taa ya juu

Kuna jambo ambalo muuzaji halisemi. Taa iliyofungwa juu ya kabini iko karibu na usawa wa macho ya dereva. Kwenye nyanda za juu za Lubero, ukungu ukishuka, mwanga wa taa hiyo unagonga matone ya maji hewani na kumrudia dereva mwenyewe. Vivyo hivyo kwenye bonde la kuelekea Kasindi wakati wa kiangazi, nyuma ya lori lingine linalotimua vumbi. Dereva anaona ukuta mweupe. Ameongeza taa na amepunguza kuona. Katika ukungu na vumbi, taa inayosaidia ni ile iliyofungwa chini, yenye mwanga mpana na mfupi, unaolala juu ya barabara.

Rangi nayo ina maana yake. Kwenye sanduku la taa huandikwa namba yenye herufi K. Namba ya 6000 au 6500 ni mweupe unaoelekea bluu, ambao ndio wengi wanaupenda kwa sababu unaonekana wa kisasa. Ndio pia unaoyasumbua macho ya wengine zaidi. Namba ya kati ya 4000 na 5000 inatosha kabisa kwa kazi, na inaonyesha rangi vizuri: waya mwekundu unaonekana mwekundu, na damu kwenye kidonda inaonekana damu.

Taa za magari yaliyotoka upande wa kushoto

Malori mengi ya jimbo hili yanaingia kwa kupitia Uganda, na mengi yalitengenezwa kwa nchi ambako magari yanapita upande wa kushoto, kama Japani. Katika Kongo magari yanapita upande wa kulia. Taa ya chini ya gari la Japani imetengenezwa ili mwanga wake upande kidogo upande wa kushoto, kuangaza ukingo wa barabara ya kwao. Huku, upande wa kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Basi hata dereva mwenye nidhamu, aliyepunguza taa kama inavyotakiwa, bado anampiga mwenzake machoni bila kujua.

Mtu akitia balbu za LED ndani ya taa hizo za zamani zilizotengenezwa kwa balbu za halojeni, anaongeza ubaya juu ya ubaya. Kioo cha ndani kilipimwa kwa uzi mdogo wa balbu ya halojeni, mahali pake hasa. LED haikai palepale, wala haina umbo lile. Mwanga unatawanyika, unapanda juu, unaingia katika macho ya watu na katika majani ya miti. Mwenye gari anafurahi kwamba ukuta wa garaji unang'aa, na barabara yenyewe haikupata faida. Kama pesa zipo, heri kununua taa nzima iliyotengenezwa kwa nchi za upande wa kulia. Kama hazipo, basi angalau taa ziinamishwe na fundi mbele ya ukuta, lori likiwa limepakiwa, kwa sababu mzigo ukikaa nyuma pua ya gari inainuka na taa zinapanda nayo.

Taa nne zinazostahili pesa

Ikiwa mwenye lori ana pesa za taa za ziada mara moja tu kwa mwaka, azipeleke wapi? Jibu liko nyuma na ubavuni.

Taa mbili ndogo za kazi, za wati 20 kila moja, zifungwe nyuma, moja kila kona ya juu ya bodi, zikiinama kuelekea chini. Zikiwa mbili na zikakutana katikati, moja inafuta kivuli cha nyingine, na anayepokea gunia anaona mikono ya anayempa. Taa ya tatu ifungwe ubavuni, pale watu wanapopandia, ili ionyeshe kila chuma cha ngazi na ardhi iliyo chini yake. Ya nne ikae ndani, chini ya turubai, iwe ndogo kabisa, ili mama anayetafuta kiatu cha mtoto au sufuria yake asiwashe kibiriti kati ya magodoro na vidumu vya petroli.

Taa hizo ziwe za mwanga mpana. Dukani zinauzwa za aina mbili zinazofanana kwa nje: moja inatupa mwanga mwembamba wa kwenda mbali, nyingine inautawanya karibu. Ya mwanga mwembamba ikifungwa nyuma ya lori itachoma jicho la mbebaji mmoja na kuwaacha wengine gizani. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuiwasha taa mita 3 kutoka ukutani. Ikichora duara dogo lenye ukali, si ya kazi. Ikijaza ukuta mzima kwa usawa, hiyo ndiyo.

Na zizimike lori linapoondoka. Taa nyeupe inayowaka nyuma ya gari linalokwenda inamdanganya anayefuata: anadhani gari linamjia. Kitufe chake kiwe na kitaa kidogo chekundu mbele ya dereva, kimkumbushe.

Hapo ndipo LED inaonyesha faida yake ya kweli. Taa nne za wati 20 ni wati 80. Kwa lori la volti 24, hiyo ni kama ampea 3 na kidogo. Kushusha mzigo kwa saa mbili, injini ikiwa imezimwa, kunakula karibu saa-ampea 7 za betri. Betri mbili nzuri za 150 hazitasikia. Taa nne za zamani za wati 70 zingekula karibu 23 kwa muda uleule, na betri iliyozeeka ingeshindwa kuwasha injini asubuhi. Ndiyo sababu madereva walizoea kuacha injini ikinguruma wakati wa kushusha. Mazutu yanaungua bure, moshi unawaingia watoto waliokaa nyuma ya gari, na makelele yanawazuia watu kusikia anayepiga ukelele kwamba gunia linaanguka. Kwa LED, injini inaweza kuzimwa na watu wakasikilizana.

Wati za sanduku na wati za kweli

Dukani mazungumzo huwa yaleyale. Muuzaji anasema: "Papa, chukua hii, ni wati 300, hakuna inayoishinda." Mwenye gari anauliza kama inafika mbali, inawashwa, kila mtu anafunga macho, na bei inakubaliwa. Hakuna aliyepima.

Kupima ni rahisi. Fundi yeyote wa umeme wa magari ana mita. Aunge taa na betri, asome ampea, kisha azidishe kwa volti. Taa inayojiita wati 240 kwenye betri ya volti 24 inapaswa kuvuta ampea 10. Mita ikisoma 3, taa hiyo ni ya wati 72, na namba ya sandukuni ni hadithi. Anayeogopa mita dukani kwake anajua anachouza.

Mambo mengine yatazamwe pia. Nyuma ya taa kuwe na mapezi mazito ya alumini, maana joto la LED linatokea nyuma, na joto lisipotoka taa inafifia mapema. Kwa sababu hiyo matope yaliyoganda nyuma ya taa yaoshwe. Konvoyeri akisugua kioo cha mbele tu, amefanya nusu ya kazi. Kuandikwe IP67: namba 6 inasema vumbi haliingii, namba 7 inasema taa inavumilia kuzama katika maji ya mita 1 kwa dakika 30. Kwa kuwa maandishi yanaweza kudanganya, mwenye gari aitie taa katika ndoo ya maji kabla ya kulipa, kisha aiwashe. Ukungu ukionekana ndani ya kioo, airudishe.

Tena awashe redio. Taa mbovu za LED zina kifaa cha umeme kinachotoa kelele hewani, na redio ya gari inaanza kukoroma taa ikiwashwa. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka siku ambayo habari ya kwamba daraja limekatika, au kwamba barabara imefungwa mbele, ilipita redioni na dereva hakuisikia.

Waya unaoweza kuunguza lori

Taa nzuri iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko giza. Kila taa ya ziada iwe na fyuzi yake, nayo ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Kwa taa nne za kazi zilizotajwa, fyuzi ya ampea 5 na waya wa milimita 1.5 za mraba zinatosha. Taa kubwa zaidi zinadai waya mnene zaidi na rilei, ili umeme mwingi usipite katika kitufe cha plastiki. Pale waya unapopita katika tundu la chuma, uvikwe mpira, la sivyo mtikisiko wa barabara utaukata ngozi siku moja.

Kuna tabia mbili ambazo mafundi wenyewe wanazijua. Ya kwanza ni kuondoa fyuzi iliyoungua na kutia kipande cha waya. Fyuzi ikiungua inasema kuna kosa mahali fulani. Anayeiziba kwa waya amelinyamazisha kosa na kuuachia moto njia, na juu ya lori hilo kuna turubai, magodoro, mafuta na watu. Ya pili ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili za lori la volti 24. Betri moja inachoka, nyingine inajazwa kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili zimekufa. Taa nyingi za LED zinaandikwa volti 10 hadi 30, yaani zinakubali lori na gari ndogo. Hakuna sababu ya kuiibia betri moja.

Taa hailindi dhidi ya bunduki

Neno moja lisemwe waziwazi. Tangu Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kuna njia ambazo wakaaji wanajua kwamba usiku hazipitwi. Taa kali hailifanyi lori liwe na usalama huko. Pale mamlaka walipokataza kutembea usiku, au pale msafara wa ulinzi unaposubiriwa hadi asubuhi, lori lisubiri. Dereva anayesema "nina taa, nitapita" anaweka maisha ya abiria wake rehani kwa kifaa kilichotengenezwa kuonyesha mashimo.

Lakini lori linalolala njiani nalo liwe na alama. Utepe unaong'aa, mwekundu na mweupe, nyuma na ubavuni, hauhitaji betri wala fundi, na unaonekana hata betri ikiwa imekufa. Pembetatu mbili, moja mbele na moja nyuma, ziwekwe mbali na gari. Matawi ya miti barabarani ni desturi ya zamani, lakini motari anayashtukia akiwa amekwisha kuyafikia. Mwenye gari aliyetoa pesa kwa taa ya kabini akakosa utepe wa nyuma amejivika kofia nzuri na kusahau viatu.

Nani aulize?

Kuwaachia wenye malori peke yao jambo hili hakutoshi, kwa sababu anayepofushwa hayumo katika kabini na hana sauti dukani. Wanaokodi magari wana nguvu ambayo hawaitumii. Shirika linalokodi lori kupeleka unga na maharagwe katika kambi, kamati ya familia zilizokimbia vita inayochanga pesa ili irudi kijijini, wafanyabiashara wanaosafirisha vitu sokoni: wote wanauliza bei, wanauliza tani, wanauliza siku. Waongeze maswali matatu. Taa za ziada za mbele zinazimika pamoja na taa kali? Kuna taa nyuma na ubavuni ya kushukia? Kuna utepe na pembetatu? Maswali hayo yanajibiwa kwa dakika tano, lori likiwa limesimama, kabla makuta hayajatoka mfukoni.

Viongozi wa mitaa na polisi wa barabara nao, pale wanaposimamisha lori jioni, waombe taa ziwashwe na kupunguzwa mbele yao. Ukaguzi wa namna hiyo hauhitaji kitabu wala faini. Dereva ashuke, asimame mita 30 mbele ya lori lake mwenyewe, atazame. Wengi hawajawahi kusimama mahali hapo. Wakisimama mara moja, hakuna atakayehitaji kuwaeleza tena.

Na familia zinazotembea usiku kwa lazima zijue kwamba kitambaa cheupe, hata kipande cha gunia jeupe kilichofungwa mgongoni juu ya mtoto, kinamwonyesha mtu mapema kuliko nguo nyeusi. Zitembee zikitazamana na magari yanayokuja, watoto wakiwa upande wa nje. Mwanga ukiwapiga, wasimame mpaka lori lipite, na wasiachiane mikono. Hilo halipunguzi wajibu wa dereva. Ni kinga ya wakati huu, mpaka taa zibadilishwe.

Lori katika eneo hili limekuwa basi, limekuwa ambulansi, limekuwa nyumba ya usiku mmoja kwa waliopoteza nyumba. Mwenye nalo akienda dukani juma hili kununua taa, akumbuke wale watakaoshuka kutoka juu ya magunia yake gizani, na yule mama wa kandokando ya barabara. Taa nne ndogo nyuma na ubavuni, na mbili mbele zinazokubali kuzimika, zitamgharimu mawazo kidogo zaidi kuliko mstari ule wa juu ya kabini. Mama naye hatahitaji kuachilia mkono wa mtoto.